Daftari la Vipimo

Mimi fundi cherehani, Mbagala Kizuiani,
kibanda cha tatu ukitoka mashine ya kusaga.
Kila kitu nakiandika: kiuno, bega, paja.
Na Shamte nilimwandika,
katikati ya sare za kwaya na suruali ya Mzee Kondo:
Shamte, kofia. Thelathini na tano.

Mwezi wa pili kofia ikagoma.
Nikafumua, nikaongeza kipande.
Arobaini na moja.
Bi Mwasiti akacheka: "Kichwa cha babu yake wa Rufiji!
Huyu hakimu, mtajengewa nyumba."
Nikacheka nami. Kucheka hakuna foleni.

Zahanati walimtundika kwenye mizani,
nesi akatia nukta kwenye kadi,
nukta ikapanda juu ya nukta ya jana.
"Hongera mama, mtoto anaongezeka."
Na kweli alikuwa anaongezeka.
Sikujua, naye hakujua,
kwamba tulikuwa tunapima maji.

Arobaini na tano.
Utosi umeumuka kama andazi.
Macho yameshuka, weupe juu,
kiini kinachungulia ukingoni mwa kope.
"Degedege hilo, kapitiwa na ndege."
Wakanitajia mganga, Kisemvule.
Nilikwenda. Siwezi kusema sikwenda.
Wiki mbili, hirizi moja, jogoo mmoja.
Lakini mganga yule alinipokea siku ileile niliyofika,
akanipa kigoda, akauliza jina la mtoto.
Hilo nalo liandikwe.

Temeke wakanipa barua.
Barua ikanifikisha Muhimbili.
Muhimbili wakasema picha kwanza,
picha laki tatu, na mashine imelala,
fundi wake yuko safarini, njoo Jumatatu.
Jumatatu ilikuwa sikukuu.
Jumatatu ya pili barua yangu ilikuwa imepitwa na tarehe,
nirudi Temeke nikaandikiwe upya.
Mimi pia huwaambia wateja njoo Jumatatu.
Lakini gauni haliongezeki usiku.

Arobaini na tisa.
Nikauza ovaloki.

Daktari kijana, macho mekundu ya zamu,
akauliza, "Lilianza lini?"
Nadhani amezoea kujibiwa "siku nyingi."
Nikampa daftari.
Akafunua: kiuno, sketi, Shamte,
kola, Shamte, mikono mirefu, Shamte.
Akanakili tarehe mojamoja kwenye faili,
kalamu ikipunguza mwendo kila mstari.
"Ungekuja hapa," akasema,
kidole juu ya arobaini na moja.
Kisha akanyamaza, akakiondoa kidole.
Maana siku ya arobaini na moja nilikuwa kliniki,
benchi la pili, mtoto mapajani,
futikamba shingoni.

Wakamtia mrija, toka kichwani hadi tumboni,
umepita chini ya ngozi
kama lastiki ndani ya pindo.
Ukiupapasa nyuma ya sikio unausikia.
Hamsini na moja. Mwezi uliofuata, hamsini na moja.
Sijawahi kupenda tarakimu kiasi hicho.
Macho hayajarudi yote.
Huifuata sauti ya cherehani:
nikiacha kukanyaga, anageuza shingo polepole,
anaitafuta.

Nguo zangu siku hizi zinafumuka ncha.
Wateja wananung'unika, mmoja kahamia Zakhem.
Wakiniuliza ovaloki iko wapi
nawaambia ipo, imo kichwani mwa mwanangu.
Wengine hucheka. Wengine hulipa bila kudai chenji.

Jana kaja binti na kichanga mgongoni,
anataka gauni la arobaini, jeupe, la marinda.
Nikapima kifua, nikapima urefu,
nikazungusha futikamba juu ya masikio.
"Dada, mimi sijaagiza kofia."
"Kofia bure. Mwezi ujao mlete tena."
Akanitazama kama anayeuziwa kitu.

Nikaandika thelathini na saba,
nikaacha mistari mitupu chini yake.